Siku Moja Mjini kwa Mama

Sheria ya mji wa kale wa Mikindani ilikuwa moja: mkazi hamjui mgeni. Waliochaguliwa kuishi humo kama watu wa zamani, ili watalii wawatazame, hawakuruhusiwa kumtambua hata ndugu, na aliyeteleza alinyang'anywa nyumba siku hiyohiyo.

Somoe aliingia asubuhi pamoja na watalii wengine, akatembea polepole, akitazama milango ya nakshi bila kuiona. Kwenye baraza ya nyumba ya tano alikaa mama yake, Bi Esha, akipika vitumbua. Miaka sita, tangu Bi Esha amwache yeye na baba yake nje ya mji, hawakuwa wamesemezana. Mlinzi wa sheria alisimama hatua tatu tu kutoka barazani.

"Karibu, mgeni," alisema Bi Esha, macho kwenye mafuta.

Somoe alipokea kitumbua. "Bibi, naomba kuuliza desturi za hapa. Mwanamke akifiwa na mumewe, hufanya nini?"

Kijiti cha kugeuzia kilisimama hewani. Mlinzi aligeuza kichwa.

"Hukaa eda," Bi Esha alijibu taratibu. "Miezi minne na siku kumi, hatoki ndani." Akakigeuza kitumbua. "Tuseme huyo mume, amefariki lini?"

"Tuseme Ijumaa. Usingizini."

Bi Esha aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mlinzi aligonga.

"Bi Esha, wageni wanakusubiri."

Alitoka amejitanda shuka nyeupe ya eda, akaketi, akamimina unga mwingine kwenye chuma cha vitumbua. Watalii walimpiga picha. Somoe alikitafuna kitumbua mpaka kikaisha, kwa sababu sasa mlinzi alikuwa akimtazama yeye.