Wangu ni wa Mwisho

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu, na baridi ya kuingia mifupani.

Mama mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe la kumbukumbu la chuo, akilisugua kwa kitambaa huku midomo ikicheza kwa sala. Fundi cherehani alimkuta hapo, kama kila asubuhi.

"Dada Daftari, leo Mungu ameshakuoshea."

"Mungu hana kitambaa, kaka."

Fundi alicheka, kisha akaligusa jiwe. Jina la kwanza kwenye jiwe lilikuwa la binti yake.

Hapo ndipo kilipokuwa chumba cha sala. Wanafunzi wa dini zote walikitumia kwa zamu, hawa wakitoka, wale wakiingia, hadi jioni kilipochomwa moto. Majina ya waliokufa yalitoka kila upande, mengine ya kuvunja ulimi. Kwa ajili ya majina hayo mama huyu alijiandikisha darasa la jioni, na mvi zake, ajifunze kusoma; ndiyo maana fundi alimwita Dada Daftari.

Walipokutana mara ya kwanza, fundi alimuuliza, "Wako ni yupi?"

"Wangu ni wa mwisho."

Fundi akatazama jina la chini kabisa, akampa pole.

Leo jiwe lingezinduliwa rasmi, na kila mzazi angesoma jina la mwanawe mbele ya watu. Mama alimgeukia fundi.

"Wakinifukuza, kaka?"

"Nani akufukuze? Hata ukikosea herufi, sote hapa ni wafiwa."

Fundi alisoma la bintiye. Wengine wakafuata. Lilipobaki jina la chini, alimgusa mama bega.

"Haya dada, zamu yako."

Mama hakuinuka. Aliyesogea ni mwanamke mgeni, mkoba wa safari ungali begani. Alilisoma lile jina, akaliangukia jiwe akilia.

Fundi alimgeukia mama taratibu. "Si ulisema wako ni wa mwisho?"

Mama akasimama, kitambaa mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Wa mwisho kutoka chumbani, kaka. Alifunga mlango kwa nje, ndipo akawasha moto. Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: mkiniruhusu, nitaliosha jiwe hili, mkinikataza, nitawaombea watoto wenu nyumbani, jina kwa jina, kila asubuhi, mpaka nami niitwe."