Jina Lenye Alama

Asubuhi ile wafanyakazi wote wa ghala walikuwa wameshaingia kwenye mfumo mpya, ule wa neno la siri moja kufungua kila kitu, isipokuwa mtunza stoo, Mzee Ng'itu.

"Mfumo unaona watu wawili, baba," alisema Tunu, binti wa kitengo cha kompyuta. "Stoo umeandikwa Ng'itu, utumishi wamekuandika Ngitu, bila alama ya juu. Tufute huyu wa stoo, uingie kama Ngitu. Saa sita wanafunga, na asiyeingia hana kazi."

"Ngitu simjui."

"Ni kialama tu, jamani!"

"Basi na ng'ombe mwandikeni ngombe, tuone kama atakamuliwa. Kialama hicho hicho kilimrudisha mke wangu getini hospitali, kadi ya bima ya ofisi mkononi. Wakubwa wakasema watarekebisha. Nimemzika, hawajarekebisha."

Mzee akachukua kitambulisho chake, akapanda ngazi mpaka kwa mkuu wa utumishi, Bwana Semkiwa, akakiweka mezani na kuvuta kiti bila kukaribishwa.

"Andika jina langu."

"Mzee, leo nina kazi nyingi."

"Mimi leo nina hii moja tu."

Bwana Semkiwa akafungua orodha, akahangaika na kibodi. "Hiyo alama yenyewe hata sijui iko wapi."

Mzee, aliyeishia darasa la nne, akazunguka meza. Akanyoosha kidole mpaka juu ya kitufe, akakiacha pale hewani.

"Bonyeza wewe," alisema.