Msalaba wa Gaudensi

Tangu alipoanguka bafuni, fundi Evodi hakuweza tena kusoma. Daktari alisema macho ni mazima, na mkono wake bado uliandika kama zamani. Lakini akishainua brashi, maandishi yake mwenyewe aliyaona michirizi tu. Hakumwambia mtu mwingine. Asubuhi hiyo aliandika majina kwenye misalaba mitatu, akaiegemeza ukutani kwa mpangilio ili aikumbuke. Kisha upepo ukaiangusha yote.

Mama Felista alikuja kuchukua wa mumewe, Gaudensi. Jeneza lilikuwa limeshatoka nyumbani.

"Soma jina kwanza, mama," Evodi alisema, kama alivyomwambia kila mteja. "Kama nimekosea, nifute kabla rangi haijakauka."

Mama Felista aliitazama misalaba iliyolala chini.

"Mimi sikusoma, fundi. Nipe tu wa mume wangu."

Evodi naye akaitazama. Aliona hata unywele wa brashi ulioganda kwenye rangi. Lakini majina yalibaki michirizi tu. Akaokota mmoja, akampa.

"Ndio huu?" Mama Felista aliuliza.

"Ndio."

Mama Felista alishukuru. Akaukumbatia kifuani, jina likitazama mbele, akatembea polepole kuelekea kwa waombolezaji waliokuwa wakimsubiri barabarani.