Jani Lililoachwa Tupu

Mwanakombo, aliyeishi kwa kuwapaka hina maharusi, aliingia dukani kutafuta picha ya bei nafuu ya kupamba chumba alichohamia. Shafii, mwenye duka, akamtolea picha yenye fremu ya kioo: mikono miwili ya bibi harusi, imejaa hina.

"Hii ndiyo wanayoigombania watu wa vyumba vidogo, dada. Ukuta unachangamka."

Mwanakombo akakitazama kidole gumba cha kushoto. Jani moja la mchoro lilikuwa tupu. Mwanakombo alimwachia kila bibi harusi jani moja tupu pale pale, ili mama mzazi alijaze kwa mkono wake kabla binti hajatolewa nje.

"Hii ni kazi yangu," alisema. "Na imepigwa chumbani, mama mtu hajaitwa bado. Nani alikuruhusu?"

"Nimeitoa mtandaoni. Haina mwenyewe."

Mwanakombo akauweka mkono wake uliopakwa hina kando ya picha. Maua yale yale, mzunguko ule ule. Shafii akautazama mkono, akaitazama picha, akakuna kichwa.

"Basi nikupunguzie kidogo, kwa kuwa ni yako."

 Mwanakombo akatoa koni ya hina mkobani, akaanza kuvifunika vile vidole juu ya kioo, kimoja baada ya kingine.

"Dada, unaharibu mali ya watu."

"Si umesema haina mwenyewe?"

Akaifunika mikono yote kwa hina mbichi, ikabaki nafasi ya lile jani moja tu.