Tumbawe la Mtaa Mzima

Sheria ilikuwa moja: kila nyumba ya pwani ilee tumbawe hai ndani ya tangi, na likifa, wenye nyumba wahamishiwe bara. Mishi alililea lake miaka sita, akalivumilia kama wifi mkorofi. Alhamisi moja alifukiza udi kumpokea mumewe, akakiweka chetezo juu ya tangi. Jivu likamwagika majini, na kulipokucha tumbawe lilikuwa jeupe kama mfupa. Mkaguzi alikuwa aje adhuhuri.

"Shoga, ulitaka linukie?" Jirani yake, Mwanasiti, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaenda kwake, akarudi na kipande cha tumbawe ndani ya bakuli la uji. "Pandikiza, ufute machozi."

"Na wakijua umelikata lako?"

"Langu? Mimi nilikatiwa na Bi Shumi, naye alikatiwa na Mama Fumo. Mtaa mzima tunalea tumbawe moja, mwenzangu!"

Mkaguzi alichungulia, akaridhika, akaenda zake. Mishi akainama kulishukuru tumbawe. Kwenye ncha yake palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Ng'ambo ya ukuta, Mwanasiti alipoinamia tangi lake, kicheko chake kilikatika ghafla.