Aliyemchongea Verna

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba. Ofisi ya fidia ilimpigia simu Ambrose Pardy: malipo ya Verna Snook yamesimamishwa. Wamepata habari kuwa yeye na mwajiri wake wanaishi kama mke na mume, na mke anayemfanyia kazi mumewe hana fidia.

Mwajiri ndiye Ambrose, nahodha mgane mwenye banda la ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwenye pwani ya Newfoundland. Verna humpasulia samaki tangu Juni hadi Oktoba. Baridi ikishika, hula fidia ya wasio na kazi.

Ambrose alimfuata mpaka kwake, akasimama nje kwenye theluji.

"Kuna mtu katuchongea. Nikimjua nitamtia chumvi akauke!"

"Achana nao, Nahodha. Ingia unywe chai."

"Chai! Si ndiyo wanayotaka waione?"

Tangu siku hiyo Ambrose hakupita tena njia ile. Kanisani alihamia benchi la nyuma, mbali na Verna. Baridi iliyopita alimpa Verna kibarua cha kushona nyavu, wakubwa wa serikali huko Ottawa wakakata kwenye fidia yake nusu ya kila dola aliyolipwa. Sasa wanachungulia mpaka vitanda vya watu! Jioni alikula mkate na molasi akiwa wima, redio ikimsemesha.

Desemba akaja afisa wa fidia, kijana aitwaye Ledrew, viatu vya mjini vimelowa chapachapa.

"Mnalala nyumba moja?"

"Mwanangu, jiko lake hata silijui lina rangi gani."

"Mnakula pamoja?"

"Yeye hula bandani. Mimi kwangu."

"Kwa hiyo hakuna chochote kati yenu?"

Ambrose akaifikiria Januari, na nyumba ya Verna bila mafuta ya kupashia moto.

"Ni mpasua samaki tu. Nikipata mwingine kesho mwenye kisu kikali zaidi, huyu aende zake."

Afisa akafunga begi. "Basi atalipwa, pamoja na ya nyuma yote."

Ambrose akashusha pumzi. "Haya, sasa nitajie huyo jirani mwenye mdomo."

"Jirani gani, mzee?" Kijana alimkazia macho. "Alitupigia simu Verna mwenyewe. Hebu niambie wewe: kwa nini mwanamke ajinyime riziki ya baridi nzima, kwa kusema ana mume asiye naye?"