Kopo Moja

Doña Eufemia alilinyanyua shati la mpangaji wake kwa ncha ya ufagio, akalitupa uani. Lilinuka kama samaki wa chumvi aliyesahauliwa guniani.

"Mimi naoga mara tatu kwa siku," alimwambia jirani yake Nélida juu ya ukuta, "kama mtu yeyote mwenye haya katika joto hili la Iquitos. Yule gringo wangu, mzungu yule? Kopo moja, jioni, basi! Kwao baridi, wamezoea kuoza polepole."

"Lakini mgongo wake, jirani, Mungu aubariki."

"Shika adabu! Anatoka kabla ya jogoo, anarudi na matope magotini, mabega yamelowa. Mimi mjane, sijui wanaume wanatoka wapi saa hizo?"

Nélida alicheka. "Haya, malkia. Wewe oga tu."

Sanamu ya Bikira ilikuwa ikizungushwa nyumba hadi nyumba, na kesho ilikuwa zamu ya Eufemia, mara ya kwanza tangu amzike mumewe. Wanawake wa rozari walikwisha kumwambia: kwenye uvundo ule Mama wa Mungu haingii.

Basi akamwita mpangaji. "Don Torsten, fungasha. Leo hii."

Mwaka wa tatu mjini, Kihispania chake bado kilichechemea. Aliinua macho kwenye tangi juu ya paa. "Na maji, Doña?"

"Ndiyo, maji! Ungeyajua maji, tusingefika hapa."

Akainamisha kichwa, akachukua begi lake, akaenda.

Eufemia alisugua kile chumba kwa dawa ya madoa hadi machozi yakamtoka. Nyumba ilikuwa na amani. Hata pampu ya uani, iliyokuwa ikinguruma hadi vyombo vikatetemeka, ilikuwa imetulia tangu Pasaka. Mtakatifu Yosefu hakuzipuuza sala zake.

Kesho yake aliingia kuoga mara ya tatu. Alikuwa povu kichwa hadi miguu aliposikia wimbo wa Bikira ukikata kona. Akafungua bomba. Likakohoa, likatoa tone moja, kisha hewa.

Alijifunga taulo, akakimbilia uani macho yakimwasha, akaibonyeza swichi ya pampu. Kimya. Akaibonyeza tena. Vidole vikarudi na utando wa buibui.

"Nélida! Pampu yangu imekufa!"

"Si ilikufa Pasaka, jirani?" sauti ikajibu ng'ambo ya ukuta. "Na zile ndoo zangu mbili za kuchotea maji, gringo ameziacha wapi?"